Dalali Aliyempongeza Mnunuzi wa Nyumba Yake

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatano. Magari yanajipanga kando ya soko la Ibra, na kutoka kila gari anateremka mwanamke. Mwanamume habanduki kwenye usukani. Si uvivu, haruhusiwi kwenda mbele zaidi ya hapo.

Jumatano ni siku ya soko la wanawake katika mji huu wa mkoa wa Sharqiyah, Oman, mwendo wa kiasi cha saa mbili kwa gari kutoka Muscat. Anayeuza ni mwanamke, anayenunua ni mwanamke, na mwanamume akijisahau akapita mlangoni hutolewa kwa maneno atakayoyakumbuka mwaka mzima. Kwa hiyo waume hubaki nje. Wanasinzia, wanasikiliza redio, wanapangusa vioo ambavyo tayari vinang'aa.

Marhun bin Nasser anawatazama kutoka kwenye kivuli cha ukuta. Anamaliza kahawa yake, anachukua bakora, anakwenda kugonga dirisha la Corolla nyeupe.

"Salaam alaykum. Unangoja?"

"Alaykum salaam. Nangoja, mzee."

"Atachelewa huyo. Kaingia na mkoba mtupu, nimemwona. Teremka nikuoneshe nyumba. Si kwa kuichukua, unyooshe miguu tu."

Marhun, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ni dalali wa nyumba. Hana ofisi wala kibao. Ana simu ya mkononi ambayo huizima ili betri isiishe, na funguo za nyumba saba zilizofungwa pamoja kwa uzi wa kushonea kofia. Tangu alipostaafu ukarani serikalini mwaka 1998, Jumatano ndiyo siku yake ya kazi. Siku nyingine, anasema, waume wana pa kwenda.

Kijana wa kwenye Corolla anaitwa Maen. Ana miaka ishirini na tisa, ameanza kufundisha katika chuo cha hapa mwezi uliopita, na familia yake ilirudi Oman kutoka Mwanza alipokuwa mtoto. Leo amemleta mkewe kutoka Muscat aone kama mji unakalika. Yeye mwenyewe, anakiri, hana hakika.

Wanatembea. Marhun haendi kwenye nyumba moja kwa moja. Anapita kichochoro cha soko la zamani ambako wamebaki masonara wachache, anafuata falaji, ule mfereji unaoleta maji kutoka chini ya milima hadi kwenye mitende, anapita chini ya kilima chenye mnara wa walinzi wa zama za kale. Njiani anasalimiwa mara kumi na moja, mwandishi alihesabu.

Kila salamu ina urefu wake. Hapa watu hawaulizani hali wakaachana. Huulizana afya, watoto na mifugo, kisha huulizana habari, na anayeulizwa habari lazima ajibu kwamba hakuna habari, hata kama paa lake limeanguka jana. Habari yenyewe hutolewa baadaye, watu wakishakaa na kahawa ikishanywewa. Kuitanguliza ni ukosefu wa adabu.

"Mzee, jioni hapa watu wanafanya nini?" anauliza Maen.

"Wanakaa."

"Halafu?"

"Wanakaa tena. Kwani Muscat jioni unakwenda wapi? Unakwenda kwenye foleni. Hapa unatoka kwako kwa miguu, unanunua samaki aliyeletwa kutoka Sur, unasali, unakunywa kahawa kwa mtu, na jua bado lipo. Ukiumwa kichwa, jirani keshajua kabla hujameza Panadol."

"Sasa hilo la mwisho ni zuri au baya?"

"Utalijua ukiumwa."

Nyumba ina vyumba vitatu na ua mdogo, kodi riali mia na kumi kwa mwezi. Maen anauliza kama kuna paking, kama kuna eyasi za kupoza vyumba, na kama intaneti inafika. Marhun anajibu ndiyo kwa la kwanza, mbili kwa la pili, na kwa la tatu anaomba aelezwe.

Hata hivyo hajidanganyi kuhusu uzito wa maneno yake. "Huyu wa kwenye gari ndiye anayelipa," anasema Marhun, Maen akiwa anapima chumba kwa hatua. "Anayeamua yuko ndani ya soko, na ndani siingii miye."

Ndani yuko mke wa Marhun mwenyewe.

Mwandishi wa makala haya ni mwanamke, kwa hiyo aliingia. Ghaniya binti Khalfan, mwenye miaka hamsini na miwili, amekaa kwenye mkeka wake safu ya tatu, baina ya muuza udi na muuza vyombo vya fedha. Anauza vipande vya tarizi vinavyoshonwa chini ya suruali za kike, ambavyo bibi harusi wa Ibra hawezi kutoka bila ya kuwa navyo. Shingoni ana futi ya kupimia. Anasema wageni huwajua mara moja, maana mwenyeji huanza kwa kuilalamikia bei na mgeni huanza kwa kuiuliza.

"Shikamoo, mama. Hii bei gani?" anauliza mke wa Maen.

"Marahaba, mwanangu. Mnakaa wapi?"

Haupiti muda Ghaniya amekwishajua kazi ya mume, umri wa mtoto na rangi ya mapazia ya Muscat. Hamwambii yule dada habari ya milima wala minara. Anamwambia kuna nyumba karibu na falaji, jiko lake lina dirisha, na dirisha linatazama njia. "Unapika huku unamwona kila apitaye. Muscat utamwona nani? Utaona ukuta wa jirani."

Saa tano mke na mume wanapokutana kwenye gari, kila mmoja ana nyumba ya kumsimulia mwenzake. Inawachukua dakika kadhaa kugundua kwamba ni ileile.

Kwa namna hiyo Marhun na Ghaniya wameingiza familia thelathini na kitu mjini hapa ndani ya miaka sita: walimu, wauguzi, makarani wa benki, hata mhandisi mmoja wa kiwanda cha gesi cha Sur ambaye mkewe hakuupenda upepo wa bahari. Mwenye nyumba humpa dalali nusu ya kodi ya mwezi mmoja, basi. Ukiongeza na pensheni ya riali mia moja na sabini, wanaishi. Ipo miezi ambayo hakuna chochote ila pensheni.

Jambo ambalo wapangaji hao hawakuambiwa ni kwamba mwanamke aliyewasifia madirisha ya jikoni alikuwa, kwa miaka ishirini na tisa, akitaka kuondoka Ibra.

Wote wawili walizaliwa Unguja. Ni watoto wa ndugu wawili. Babu yao ni mmoja, aliyepata fedha kwenye karafuu na kuzileta Ibra kujengea nyumba ya ghorofa moja pembeni mwa mtaa wa zamani. Marhun aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka kumi na saba, akazungukazunguka Mombasa na Kuwait, akafika kwenye nyumba ya babu yake mwaka 1973. Ghaniya aliletwa mwaka 1975 ili waoane.

"Niliteremshwa na mabegi yangu mlangoni," anakumbuka. "Vumbi hapa, punda pale. Nikamuuliza mama, ndiyo hapa? Akasema ndiyo hapa. Nikalia mpaka watu wa njiani wakadhani nimefiwa."

Hakukuwa na umeme. Maji yalichotwa kwenye falaji. Wanawake wa mtaani walizungumza Kiarabu cha ndani ndani ambacho yeye, aliyesoma Kiarabu cha chuoni Unguja, alikisikia nusu tu. Alijifunza. Alizaa binti mmoja, Balqis, akamlea, akamwoza. Lakini kila mwaka alisema uleule wimbo, na mumewe anaweza kuuimba kwa moyo: joto, vumbi, mbali na bahari, mbali na watu.

Balqis ni muuguzi Muscat. Miaka mitatu iliyopita yeye na mumewe walijenga nyumba huko, mtaa wa Al Khoudh, na nyuma yake wakamjengea mama chumba, sebule na choo cha ndani. Kila sikukuu Ghaniya alikwenda kukitazama chumba hicho na kurudi akiwa na azma mpya. Marhun alikuwa akiomba mwaka mmoja zaidi. Yeye Ibra anaipenda bila kificho na husema hivyo kwa kila mtu, wakiwemo wasiouliza.

Nyumba yenyewe haikuwa yao yote. Kwa urithi, Marhun alikuwa na robo na Ghaniya robo. Nusu ilikuwa ya binamu yao Hamoud, anayeishi Muscat na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, amelala katika nyumba hiyo siku tano maishani mwake. Hamoud alikuwa akisema kwa muda mrefu kwamba atauza. Marhun alimwomba jambo moja tu, kwamba siku akiuza amwambie kwanza.

Hamoud aliuza na hakusema. Alipopigiwa simu na mwandishi alijibu kwamba alikuwa na shida zake.

Mambo hayakuwa yameharibika bado. Sheria ya Kiislamu inampa mshirika haki iitwayo shufaa: mwenzako akimuuzia mtu wa nje sehemu yake, wewe unaweza kuichukua kwa bei ileile, na yule wa nje akarudishiwa fedha zake. Lakini haki hiyo ina mwiba. Lazima uidai palepale unapoisikia habari. Ukinyamaza ukaendelea na shughuli zako, unahesabiwa umeridhia, na imepita.

Hakuna mtu Ibra anayeijua kanuni hiyo kumshinda Marhun. Amewaeleza wateja wake miaka yote. Amemweleza mkewe pia, mara nyingi kuliko mkewe alivyotaka.

Basi Jumatano moja ya mwezi Machi mwaka huu wa 2004, gari kubwa jeusi lilisimama kando ya soko. Aliteremka Fawziya, mwanamke mpole wa makamo, akaingia kununua. Mumewe, Thabit, mkandarasi anayejenga maduka ya kupangisha, hakubaki garini kama wengine. Alikwenda moja kwa moja kwenye kivuli cha ukuta, kwa Marhun.

Walikaa. Marhun alimtolea tende, akammiminia kahawa, akamuuliza hali, watoto, safari. Akamuuliza habari. Thabit akajibu inavyopasa kwamba hakuna habari wala jambo lolote jipya, ila kheri. Kikombe cha kwanza kikapita, cha pili, cha tatu.

"Habari ni kheri, Sheikh Marhun," akasema Thabit kikombe cha tatu kikiwa mkononi. "Nimenunua ile nusu ya Hamoud. Riali elfu sita. Sasa miye na wewe washirika."

"Mabruk," akasema Marhun, yaani hongera. "Mungu akubarikie." Na akammiminia cha nne.

Hakuna aliyemlazimisha. Katika nchi hii mtu akikwambia amenunua, ameoa au amepata mtoto, mdomo hutoa mabruk wenyewe na kichwa hufuata baadaye. Kichwa cha Marhun kilifuata baada ya kama nusu dakika, anasema, na kilipofika kikombe cha nne kilikuwa kimekwishajaa.

"Nilisikia nusu. Nilisikia Hamoud. Lakini mtu amekaa mkekani kwangu, kikombe changu kiko mkononi mwake. N'tamwambiaje mtu na kikombe changu kiko mkononi mwake kwamba nakunyang'anya ulichonunua?"

Thabit, anasema Marhun, alitabasamu, akakitikisa kikombe kuonesha kwamba ametosheka, akakirudisha.

Je, alifanya makusudi? Marhun anaamini hivyo. "Sheria anaijua kunishinda. Kangojea kikombe cha tatu." Thabit mwenyewe, alipoulizwa, alionekana kuumia kweli. "Ulitaka nimfikie mtu mzima niseme nimenunua kabla hata sijanywa kahawa yake? Ningekuwa mtu wa aina gani?" Mwandishi hana namna ya kuamua baina yao, na pengine hakuna haja. Mpango wa Thabit haukuwa siri: kuigawa ile nyumba ya udongo haiwezekani, kwa hiyo iuzwe yote au ibomolewe, na hapo yasimame maduka sita na fleti juu yake.

Wakati huohuo, ndani ya soko, Fawziya alikuwa amechutama mbele ya mkeka wa Ghaniya akichagua tarizi za harusi ya mdogo wake. Walikuwa wakijuana kwa biashara. Alimwambia bila ya hila yoyote, kama mtu anayetoa habari ya furaha.

"Bi Ghaniya, sisi sasa jamaa. Bwana kanunua nusu ya nyumba yenu."

Muuza udi wa mkeka wa jirani ndiye anayesimulia kilichofuata, na amekisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa anaigiza na mikono. Ghaniya alisimama kwa ghafla hata kikapu cha nyuzi kikapinduka.

"Nachukua shufaa!" alisema kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika katika safu hiyo. "Nusu ya Hamoud naichukua miye, Ghaniya binti Khalfan, kwa bei ileile! Mnanisikia? Nyote mashahidi!"

"Tunakusikia!" walijibu wanawake, wengi wao wakiwa hawajui wamesikia nini.

Hakuishia hapo. Alitoka nje ya soko bila ya viatu, futi shingoni, akapita katikati ya magari na waume waliokuwa wakisinzia. Redio zikazimwa moja baada ya nyingine. Alimkuta Thabit anainuka na mumewe amesimama na chupa ya kahawa mkononi, akayarudia maneno yaleyale usoni kwa Thabit.

"Lakini mumeo keshanipongeza, bibi," alisema Thabit.

"Yeye kakupongeza yeye. Miye nimekupongeza?"

Marhun anasema katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona mkewe akishindana na mwanamume njiani. "Hata miye hunigombeza ndani, na mlango umefungwa." Siku ile hakuweza kumtazama. Alitazama chupa.

Shauri lilifika kwa kadhi. Marhun ndiye aliyeulizwa kwanza, na aliulizwa swali moja: ulipopewa habari, ulisema mabruk? Hakuna mwingine aliyekuwa amesikia. Waume walikuwa kwenye magari yao na vioo vimepandishwa, na Thabit alikuwa peke yake dhidi yake. Kama angekana, ingekuwa neno la mtu kwa neno la mtu.

"Nilisema, maalim," alijibu.

Haki yake ikaanguka hapohapo. Ikabaki ya mkewe. Kama na hiyo ingeanguka, nyumba ya babu yao ilikuwa imekwenda.

Thabit alitoa hoja kwamba madai ya nje yalikuja yamechelewa, na yale yaliyotolewa sokoni, mahali ambapo hakuna mwanamume hata mmoja, ni maneno ya hewani. Siku ya pili wakaja wanawake tisa, wamekaa nyuma ya pikapu iliyokuwa imebeba mbuzi kutoka Sinaw asubuhi ileile na haikupata nafasi ya kuoshwa. Walitoa ushahidi mmoja mmoja. Kila mmoja alieleza aliposimama, alichosikia, na alichokuwa anauza, kwa ubora wake, na wawili walitaja na bei.

Kisha Ghaniya aliulizwa kama alitanguliza neno lolote baada ya kupewa habari: pongezi, dua, swali la bei, chochote.

"Hata salamu yake sikuimaliza, maalim," alisema. "Mungu anisamehe."

Kadhi aliyapokea madai yake, kwa sharti kwamba riali elfu sita zilipwe ndani ya siku tisini. Zililipwa. Namna zilivyopatikana wanasema ni habari yao, ila Ghaniya huinua mkono wa kushoto na kuonesha bangili mbili, akasema zilikuwa kumi na nne.

Aliyekasirika ni Balqis. "Nilimpigia nikalia," anaeleza kwa simu kutoka Muscat. "Tangu nna akili zangu mama anasema nitoeni hapa. Tukamjengea. Chumba kipo, kina eyasi, kina kila kitu. Halafu anauza dhahabu anunue nyumba ya udongo! Nikamwambia mama, yaani hukututakia kheri?" Baada ya wiki mbili na yeye alituma mchango wake. Anasema bado hajaelewa.

Mwandishi pia hakuelewa, akamuuliza Ghaniya mwenyewe. Si alikuwa akisema anataka kuondoka?

"Nilikuwa nikisema," alijibu, akaendelea kukata uzi. Halafu akaweka mkasi chini.

"Ukiwa na pahala pako waweza kusema napaacha, kila siku, na asubuhi ukaamka upo palepale. Hupati hasara. Yule Fawziya aliposema vile, mara nikamwona mtu nisiyemjua kasimama mlangoni kwangu. Nikaiona ile njia yangu ya kuja sokoni, wale watu wote n'naowaamkia, mmoja mmoja. Nikajua hawa ndio watu wangu. Mdomo ukasema. Miye mwenyewe nilisikia pamoja na hao wengine."

Akaokota mkasi tena.

"Unguja nilitolewa, sikuulizwa. Hapa nikaletwa kuolewa, sikuulizwa sana vilevile. Siku ile ndiyo mara ya kwanza katika umri wangu nimeulizwa wewe Ghaniya wataka kukaa wapi. Na aliyeniuliza hakujua kama ananiuliza."

Kwa Marhun mambo hayajakaa sawa kwa wepesi huo. Anatania kwamba sasa anaishi kwa mwenye nyumba, maana robo tatu ni za mkewe, na kwamba kodi anailipa kwa kuamka mapema. Lakini ukikaa naye zaidi, kikombe cha pili kikishapita, anasema jambo jingine. Kwa miaka sita amewaambia watu uzuri wa Ibra. Ana maneno ya walimu, maneno ya wauguzi, maneno ya wenye watoto. Ilipofika zamu yake ya kusema neno moja kwa ajili ya nyumba yake, alisema hongera.

"Nimezoea kuuza," anasema. "Mtu akinunua, miye hufurahi. Sikujua kama ugonjwa umefika huko. Niliona haya, wallahi. Bado naona haya."

Hajaacha kazi. Alichobadilisha ni kwamba siku hizi hatoi kahawa kabla ya kuuliza mtu amejia nini. Watu wawili watatu wamelalamika kwamba Sheikh Marhun amepoteza adabu, na yeye anasema wana haki.

Jumatano hii, saa tano na nusu, wanawake wanaanza kukunja mikeka. Maen amekwishaondoka na mkewe, lakini kabla ya kuondoka ameomba funguo za nyumba ya karibu na falaji arudi nazo Jumamosi. Ghaniya anatoka sokoni na kikapu chake kichwani, na mkononi kitu ambacho mumewe hakukitarajia: mche wa mdimu kwenye kopo la maziwa ya unga. Ameupata kwa mwanamke wa Al Mudhaybi kwa kubadilishana na tarizi.

Nyumbani ua ni mtupu. Ni ardhi ngumu, iliyofagiwa miaka na miaka, bila hata mchaichai. Ghaniya anaeleza kwamba hakuwahi kupanda. Kwanza nyumba ilikuwa ya watu, na pili kila mwaka alijua mwakani hatakuwepo. Sasa wana mipango: kuutengeneza ukuta wa juu kabla ya mvua za baridi, na kile chumba cha ghorofani wawapangishe wauguzi wawili wa hospitali, wanawake, atakaowachagua yeye.

Marhun anachimba shimo. Ardhi inamshinda, anamwaga maji, anangoja, anachimba tena. Mkewe anautoa mche koponi na kuuweka wima kwa mikono miwili.

Mwandishi anauliza mdimu huzaa baada ya muda gani.

"Mitatu hivi," anajibu dalali bila kufikiri. "Miaka mitatu, unakula ndimu."

"Mitano," anasema Ghaniya. "Usimtilie chumvi mwandishi wa watu. Mitano, na pengine sita." Anashindilia udongo kwa kisigino, mara moja, mara mbili, akiuzunguka mche. "Tupo."